Mummu alizaliwa mwaka gani, na jina lile lilikuwa la nani?

Swali la msomaji:

“Mimi ni Mtanzania, naishi Minneapolis, na nimeolewa katika ukoo wa Wamarekani wenye asili ya Ufini. Bibi mzaa baba wa mume wangu, ambaye watoto, wajukuu na wakwe sote tulimwita Mummu, alifariki Novemba 2004 huko Calumet, Michigan. Ukoo utakutana kiangazi kijacho na nimeombwa niandike maisha yake, kwa kuwa mimi, kama walivyosema, sina upande. Karatasi hazikubaliani. Jiwe la kaburi linasema alizaliwa 1901. Cheti cha ndoa cha 24 Juni 1921 kinasema alikuwa na miaka 19. Lakini orodha ya abiria wa meli ya Machi 1910 inasema ana miaka 6, na sensa ya 1920 inasema 16. Binamu mmoja amepata picha ya kitabu cha ubatizo kutoka Ufini: mtoto mwenye jina lake na wazazi walewale, aliyezaliwa 2 Juni 1901. Wote wakasema shauri limekwisha, ila sisi siku yake ya kuzaliwa tumeiadhimisha 19 Agosti miaka yote. Baba mkubwa wa mume wangu anasema hiyo ni tofauti ya kalenda ya Warusi, maana sensa ya 1910 imeandika kwamba Mummu alizaliwa Urusi. Jina la ukoo nalo ni tofauti melini na katika cheti cha ndoa, na inasemekana maofisa wa Ellis Island walilibadilisha. Ipo kaseti ya 1984 ambamo anasema kwa Kifini, ‘Minulla on hänen nimensä’, na tafsiri ya Kiingereza tuliyo nayo inasema ana jina la mwanamume fulani ambaye hatumjui. Mwaka 2001 tulimfanyia sherehe ya miaka mia. Je, tulikosea? Na niandike nini juu ya mwanamke ambaye karatasi zote zinamwita mama wa nyumbani tu?”

Jibu:

Dada yangu,

Nianze na lile ninaloona linakuuma, kisha ndipo tufungue karatasi. Chukua mwaka unaompa Mummu umri mdogo kuliko yote katika nyaraka zako, yaani 1903, na uuunganishe na siku mliyokuwa mkiiadhimisha, 19 Agosti. Mtu wa tarehe hiyo aliyefariki Novemba 2004 alikuwa ametimiza miaka 101. Ukichukua 1901, alikuwa na miaka 103. Kwa hesabu yoyote ile aliivuka karne. Kinachobaki kubishaniwa ni kama sherehe yenu ilikuja kwa wakati wake au ilitangulia kwa miaka miwili, na hilo si aibu kwa yeyote aliyekuwepo siku ile.

Sasa tuje kwenye kaseti, maana nadhani jibu limo humo, na lugha yako ya mama inakuwezesha kulisikia kuliko wengine wote nyumbani mwenu. Sentensi ile, “Minulla on hänen nimensä”, kwa Kiswahili ni “nina jina lake”. Jina la nani, la mwanamume au la mwanamke? Kiswahili hakisemi, na Kifini nacho hakisemi. Neno lao “hän” ni sawa na “yeye” yetu: linamhusu binadamu, basi. Aliyeitafsiri kwa Kiingereza alilazimika kuchagua, kwa kuwa lugha hiyo haikumpa njia ya kukaa kimya, akachagua mwanamume. Na tangu hapo ukoo mzima umekuwa ukimtafuta mtu ambaye huenda hakuwahi kuwepo. Isikilize tena sehemu hiyo ukianzia dakika kadhaa nyuma, ukiwa na mtu anayejua Kifini, na umuulize swali moja tu: kabla ya kusema “jina lake”, Mummu alikuwa akimzungumzia nani? Maneno ya kutegea sikio ni “sisko” au “sisar”, yaani dada, na “kuoli”, yaani alikufa.

Ninayoifikiria ni dhana, lakini ni dhana yenye nguvu. Naamini mtoto wa 2 Juni 1901 si Mummu. Ni dada yake aliyemtangulia, akafa angali mchanga, na Mummu alipozaliwa Agosti 1903 akapewa jina la marehemu. Katika Ufini ya miaka ile zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila kumi hakufikisha mwaka mmoja wa uhai, na wazazi waliofiwa mara nyingi walilirudisha jina kwa mtoto aliyefuata wa jinsia ileile, hasa likiwa jina la bibi au la mama mlezi wa ubatizo ambalo hawakutaka lipotee. Desturi hiyo haikuwa ya Wafini peke yao. Ilikuwepo sehemu nyingi za Ulaya. Anayefanya utafiti wa nasaba bila kuijua humpata mtoto wa kwanza kitabuni, hufurahi, hufunga kitabu, na hivyo humpa aliye hai tarehe ya aliyekufa. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo katika ukoo mmoja miaka ya mwanzo ya kazi yangu, na aliyenisahihisha ni ajuza aliyenionyesha, kwa kidole, jina lake likiwa limeandikwa mara mbili katika ukurasa mmoja.

Ona jinsi karatasi zako zenyewe zinavyolielekea jambo hili. Mtoto wa Juni 1901 angekuwa na miaka 8 melini mwezi Machi 1910, si 6. Sensa ya 1920 iliuliza umri wa mtu kama ulivyokuwa tarehe 1 Januari, na siku hiyo angekuwa na miaka 18, si 16. Hata cheti cha ndoa, ambacho familia inakitumia kuutetea mwaka 1901, hakimkubali: tarehe 24 Juni 1921 mtoto huyo angekuwa ameshatimiza 20, na cheti kinasema 19. Sasa mpime mtoto wa 19 Agosti 1903. Melini ana 6, katika sensa ana 16. Orodha na sensa zinakubaliana kabisa ingawa ziliandikwa na watu tofauti, kwa sababu tofauti, miaka karibu kumi mbalimbali. Kwenye ndoa pekee ndiko miaka miwili imeongezeka. Na siku ya kuzaliwa, ile 19 Agosti, ndiyo ushahidi ninaouthamini kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kuusahau au kuuficha mwaka aliozaliwa, lakini siku aliyoiadhimisha mama yake tangu utotoni haitoki kichwani.

Suala la kalenda tulimalize haraka. Ni kweli kwamba Ufini ilikuwa chini ya Tsar wa Urusi tangu 1809 hadi ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917, na ni kweli kwamba Urusi ilikuwa nyuma kwa siku 13 mwanzoni mwa karne ya 20. Ufini, hata hivyo, iliingia katika kalenda tunayoitumia leo mwaka 1753, ilipokuwa bado sehemu ya Uswidi, na haikuirudisha nyuma ilipochukuliwa na Urusi. Ilibaki na sheria zake, kanisa lake la Kilutheri na kalenda yake. Na hata tungemkubalia baba mkubwa hoja yake, siku 13 haziwezi kukutoa Juni 2 zikakufikisha Agosti 19. Neno “Urusi” katika sensa ya 1910 linahusu dola iliyoitawala nchi, wala halimfanyi Mummu kuwa Mrusi. Tazama vizuri kando ya neno hilo: katika sensa ile makarani waliagizwa kuandika pia lugha ya mama, na mara nyingi utakuta wameandika ya Kifini palepale kwa kifupi.

Ukurasa utakaoamua shauri hili ni ule wa kitabu cha ushirika, ambacho Wafini hukiita “rippikirja”. Kitabu cha ubatizo huandika tukio moja na kuliacha hapo. Kitabu cha ushirika huifuata familia. Mchungaji aliifungulia kila nyumba ukurasa: baba juu, mama chini yake, kisha watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, kila mmoja na tarehe yake, halafu safu za chanjo ya ndui, za kujua kusoma na katekisimu, za kushiriki Chakula cha Bwana, na za kuhama. Watoto ambao hawajapata kipaimara mara nyingine huwekwa katika daftari lao peke yao, “lastenkirja”, kwa hiyo angalia yote mawili. Mtoto akifa, jina lake hukatwa kwa mstari na tarehe ya kifo huandikwa pembeni. Kama dhana yangu ni ya kweli, utaona jina moja mara mbili: la juu limekatwa, la chini yake limebaki wazi, na mbele ya la chini, upande wa maoni, pengine neno “Amerikka”. Vitabu vya miaka hiyo vimeshavuka muda wa miaka 100 wa usiri, na Hifadhi ya Taifa ya Ufini, Kansallisarkisto, imeweka picha zake mtandaoni. Kwa kuwa binamu yenu ameshapata kitabu cha ubatizo, jina la usharika mnalo tayari, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi.

Shahidi wa pili ni Taasisi ya Uhamaji iliyoko Turku, ambayo imekusanya orodha za pasipoti na za abiria waliosafiri kutoka Ufini. Njia ya kawaida ilikuwa kupanda meli bandarini Hanko, kushuka Hull upande wa mashariki wa Uingereza, kuivuka nchi kwa treni hadi Liverpool, na hapo kupanda meli kubwa ya kuvuka Atlantiki. Ukimpata mama yake Mummu katika orodha ya Hanko, utaona watoto aliosafiri nao na umri waliopewa kabla hawajagusa karatasi yoyote ya Kimarekani.

Utaniuliza, basi 1901 ya kaburini ilitoka wapi? Hapa sina budi kukueleza jinsi umri unavyosafiri katika karatasi, maana ukiuelewa mwendo huo hutamwita mtu yeyote mwongo. Kila karatasi ilijibu swali la siku yake, kwa mdomo wa aliyekuwepo. Karani wa sensa alibisha hodi, akajibiwa na yeyote aliyefungua mlango: mama, mpangaji, pengine jirani. Sensa ya 1940 ndiyo iliyoweka alama ya kuonyesha nani ndani ya nyumba alitoa majibu. Kwenye ndoa alijibu Mummu mwenyewe, na binti wa miaka 17 anayeolewa alikuwa na sababu za kutosha za kusema 19. Huenda alikuwa ameshajiongezea miaka hiyo miwili hata kabla, alipotafuta kazi za ndani au kazi katika nyumba ya wapangaji. Kisha cheti cha ndoa kikawa ndicho karatasi rasmi pekee aliyokuwa nayo, na kila ofisi iliyofuata ikanakili kutoka hapo, mpaka tanzia, mpaka jiwe. Kwa hiyo unapoona karatasi tano zinasema 1901, usihesabu mashahidi watano. Uliza kwanza ni ngapi zilizosikia kwa masikio yao, na ni ngapi zilizonakili.

Ipo karatasi moja zaidi ambayo wengi hawaifikirii, nayo inategemea uraia. Mummu aliolewa kabla ya 22 Septemba 1922. Hadi siku hiyo sheria ya Marekani ilimfanya mke kuwa raia wa nchi ya mumewe: hata kama baba yake alikuwa ameshapata uraia wa tajnisi na kumwingiza yeye akiwa mtoto, sheria ya 1907 ilimwondolea uraia huo alipoolewa na mgeni. Kama mumewe alipata tajnisi kabla ya tarehe hiyo, Mummu alikuwa raia pamoja naye. Kama aliipata baadaye, ilimbidi aombe peke yake. Tazama sensa za 1930 na 1940 katika safu ya uraia: herufi Na ni aliyepata tajnisi, Pa ni aliyekwisha kuweka ombi la awali, Al ni mgeni. Ukikuta Al mwaka 1940, basi fomu yake ipo, kwa sababu mwaka huo wageni wote wa kuanzia miaka 14 walilazimishwa kujiandikisha na kuchukuliwa alama za vidole. Fomu hiyo iliuliza tarehe ya kuzaliwa, meli, bandari na kazi, na nakala yake huombwa kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, katika kitengo chake cha nasaba, kwa ada. Jambo ambalo wanaukoo wengi hushangaa wakilisikia ni kwamba Januari 1908 waendesha mashtaka wa serikali huko Minnesota walijaribu kuzuia tajnisi ya Mfini mmoja, John Svan, na wenzake, kwa hoja kwamba Wafini si watu weupe bali ni wa asili ya Kimongolia. Hakimu akaikataa hoja hiyo. Mummu aliingia nchini miaka miwili tu baadaye. Hilo liingie katika maandishi yako, kwani linawafaa wajukuu wa leo kuliko tarehe nyingi.

Kuhusu jina la ukoo, maofisa wa Ellis Island hawakulibadilisha. Hawakuwa na kazi ya kuwapa watu majina. Walikuwa na orodha iliyojazwa na kampuni ya meli kule safari ilikoanzia, na kazi yao ilikuwa kuhakiki mtu na mstari wake. Majina yalibadilishwa na wenyewe, polepole, na kwa Wafini wa magharibi hapakuwa hata na haja ya kusukumwa. Wengi wa waliohamia Calumet, mji wa migodi ya shaba, walitoka Pohjanmaa, na huko jina la mtu lilikuwa jina la shamba analokaa. Akihamia shamba jingine, hata kwa kuoa, alichukua jina la huko. Wanawake katika vitabu vya kanisa walifuatwa kwa jina la baba, kama “Matintytär”, binti Matti, na waliendelea nalo baada ya kuolewa. Sheria iliyomtaka kila Mfini awe na jina la ukoo lisilohamahama ilitungwa 1920, Mummu akiwa ameshafika Michigan miaka kumi nyuma. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mama yake alisafiri kwa jina la shamba lao, wakati baba, aliyetangulia mgodini, alikuwa ameshajiandikisha kwa jina la baba yake, au kwa neno fupi kama Maki, lililopoteza vidoti vyake vya Mäki, yaani kilima. Majina yote hayo ni ya kweli. Yaandike yote, kila moja na mahali na mwaka lilipotumika.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito. Karatasi zinamwita mama wa nyumbani kwa sababu safu ya kazi ya mwanamke aliyeolewa iliachwa wazi au ilijazwa neno moja, hata kama alikuwa akiwapikia wachimbaji wanane wapangaji, kuwafulia na kuwaoshea mashati ya mgodini. Ihesabu nyumba yake katika sensa: watu wangapi wasio wa ukoo walilala humo? Hao ndio kazi yake. Mtafute pia mahali ambapo wanawake wa Kifini waliandikwa kwa majina yao: katika daftari la usharika, vyama vya kupinga pombe, maduka ya ushirika, na habari za mji katika magazeti ya Kifini. Amerikan Suometar lilichapwa Hancock, mji ulio karibu na Calumet, kuanzia 1899 hadi 1962 na lilisomwa na watu wa kanisa. Työmies lilikuwa la wafanyakazi wa mrengo wa kijamaa, likachapwa Hancock kabla ya kuhamia Superior, Wisconsin, mwaka 1914. Gazeti lililoingia nyumbani kwa baba yake litakuambia mengi, maana Wafini wa wakati ule waligawanyika kati ya kanisa na ukumbi wa wafanyakazi kiasi cha kukatana salamu. Ukikuta mpasuko huo ndani ya ukoo, uandike bila kuamua nani alikuwa na haki.

Kuna jambo moja nakusihi uliendee kwa uangalifu. Tarehe 24 Desemba 1913, wakati wa mgomo wa wachimba shaba, katika sherehe ya Krismasi ya watoto wa wagomaji ndani ya Italian Hall huko Calumet, mtu alipiga kelele kwamba kuna moto, na moto haukuwepo. Watu 73 walikufa wakikanyagana na kukosa hewa kwenye ngazi, wengi wao watoto, na wengi wao Wafini. Mummu alikuwa na miaka 10. Karibu kila familia ya Kifini ya mji ule ina simulizi ya aliyekuwa ndani, au aliyekatazwa kwenda dakika ya mwisho. Kama amelitaja katika kaseti, nakili maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na mahali aliponyamaza. Kama hakulitaja, andika kwamba alikuwa mtoto katika mji huo mwaka huo, na uishie hapo. Usimwingize ukumbini.

Na usiache mambo ya jikoni. Umekula mkate wake mtamu, bila shaka, ule ambao watu wa Calumet huuita “nisu”, neno la zamani la ngano, ingawa Ufini yenyewe sasa huuita “pulla”. Kinachounukisha ni iliki, ileile unayoijua kwenye maandazi ya kwenu. Wakati wa kuponda punje zake kwenye kinu kidogo, vumbi lake hupanda puani kabla hata hujaliweka kwenye unga. Muulize wifi yako mkubwa Mummu alitumia punje ngapi, na kama aliziponda mwenyewe au alinunua za unga, kwa maana mikono yake inakumbukwa hapo. Uliza pia kuhusu sauna: nani alizaliwa humo, na nani alioshwa humo alipokufa, kwa kuwa kwa wazee wa Kifini chumba kimoja cha mvuke, kilichokuwa safi kuliko vyote, kilifanya kazi zote mbili. Uliza kuhusu “viili”, maziwa yao ya kugandisha, ambayo wahamiaji walivusha mbegu yake baharini kwa kuchovya kitambaa, kukikausha, na kukilowesha tena katika maziwa ya nchi mpya.

Kipimo cha DNA, ambacho najua mtu atakipendekeza, hakitakusaidia kwa swali hili. Hakijui tarehe. Zaidi ya hayo, watu wa Pohjanmaa wameoana katika vijiji vilevile kwa karne nyingi, hivyo majibu huwaonyesha kuwa na undugu wa karibu kuliko ulivyo, na kinaweza kufunua mambo ya walio hai ambao hawakuomba kujua.

Yapo mambo ambayo hayafai kufanywa kwa barua. Kaseti ya 1984 isiendelee kuchezwa kwenye redio ya nyumbani; utepe wa umri huo hukatika. Ipeleke kwa mtu wa hifadhi ya sauti aihamishe kwanza, kisha fanyia kazi nakala. Anayetafsiri awe anajua Kifini cha Marekani, kwa sababu Wafini hao, kama sisi, hulikaribisha neno la kigeni kwa kulifunga kwa irabu: gari likawa “kaara”, mgodi “maina”, ukumbi “haali”, chumba cha kulala “petiruuma”. Kijana wa Helsinki anaweza asiyatambue. Wewe uko Minneapolis, na chuo kikuu hapo kina hifadhi ya historia ya uhamiaji yenye mkusanyo mkubwa wa nyaraka za Wafini wa Marekani. Mkienda Calumet, tengeni siku moja ya Hancock, kwenye kituo cha urithi wa Wafini kilichookolewa na shirika la Finlandia Foundation National mwaka 2023, chuo kikuu kilichokimiliki kilipofungwa, na nusu siku ya Houghton, kwenye hifadhi ya chuo kikuu cha Michigan Tech, ambako kuna kadi za waajiriwa wa kampuni ya migodi ya Calumet and Hecla; ya baba yake Mummu ikiwepo, itakuonyesha jina alilojiandikisha nalo. Na kama mtu katika ukoo atataka kuzitumia tarehe hizi kwa mirathi au kudai uraia wa Ufini, hapo ni kwa wakili, si kwangu.

Kuhusu baba mkubwa, mwone ana kwa ana kabla ya mkutano, wewe na mumeo, na ukurasa wa kitabu cha ushirika mkononi. Yeye ni mtoto wa marehemu. Haifai asikie mbele ya umati kwamba mama yake alizaliwa mwaka mwingine. Mwonyeshe majina mawili na umwache asome mwenyewe. Jiwe libaki kama lilivyo, kwa kuwa mwaka 1901 ndio alioishi nao tangu alipoolewa. Andiko lako lieleze ulikotoka. Na ukimthibitisha mtoto wa Juni 1901, mpe mistari yake katika maisha ya Mummu: siku aliyozaliwa, siku aliyokufa, na usharika aliozikwa. Kaseti ile inaonyesha kwamba Mummu, baada ya miaka themanini na zaidi, alikuwa bado anamtaja.

Ukiupata ukurasa na mwandiko ukakushinda, nitumie picha ya ukurasa mzima, pamoja na vichwa vya safu zake, nitakusomea.